Mji Uliosoma kwa Sauti

Watu wa Lubumbashi hawakujifunza kusoma kimyakimya. Nasema hivyo nikiwa mwalimu wa historia, tena mwenye ufunguo wa maktaba ya shule ya sekondari huku Naviundu, komini ya Annexe, upande wa barabara ya Kasenga. Neno maktaba lisikutishe: ni chumba kimoja, kabati mbili za chuma, madawati yaliyostaafu madarasani, na mlangoni kibao cha bati kilichoandikwa SILENCE. Kibao hicho nilikitoa mara nilipokabidhiwa ufunguo. Prefe, yaani mkuu wa shule, akaniuliza kama nataka kugeuza chumba kuwa soko. Nilianza kumweleza, akatazama saa, akasema: "Prof, niandikie." Nikamwandikia. Haya ni yaleyale niliyomwandikia, ila nimeyatia nyama.

Miongoni mwa wa kwanza kuleta maandishi Katanga walikuwa wafanyabiashara wenye uhusiano na Pwani, waliojua herufi za Kiarabu. Tarehe 14 Februari 1886 Mskoti Frederick Stanley Arnot akaingia Bunkeya, mji mkuu wa mfalme Msiri, na hapo ikaanza misheni ya Garenganze. Dan Crawford, aliyemfuata miaka michache baadaye, alihamia Luanza kwenye ziwa Mweru akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuitafsiri Biblia kwa Kiluba cha Basanga. Kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za Afrika, somo la kusoma lilikuwa la kuitikiana: mmoja anataja, wengine wanarudia, mpaka herufi zinakaa kinywani kabla ya kukaa machoni.

Halafu ukaja mji. Reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 kampuni ya migodi, Union Minière, ikamimina shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi. Wabenediktini wa Jean-Félix de Hemptinne walifika mwaka uleule wa reli, Wasalesiani mwaka uliofuata, na elimu ikawa mikononi mwao. Chuo cha Saint-François de Sales, ambacho leo tunakiita Imara, kilijengwa kwa ajili ya watoto wa wazungu. Waafrika walifundishwa useremala, ufundi wa chuma na ukatekista. Aliyeonekana mwepesi alipewa ukarani. Kati ya mji wa wazungu na mitaa ya Waafrika kuliachwa ukanda wa ardhi tupu, kusudi watu wasichanganyike.

Nkambo wangu, yaani babu, aliuvuka ukanda huo kila siku. Mchana alikuwa boi, mtumishi wa nyumbani, wa familia ya Kibelgiji, jioni alirudi Kamalondo kufundishwa na katekista. Alijua kusoma, lakini hakuweza kusoma bila sauti. Barua kutoka kijijini, risiti ya ushuru, karatasi ndani ya boksi la dawa, vyote alivisoma kwa sauti nzito, kidole kikitembea chini ya mstari, na akifika mwisho hutuuliza sisi watoto: "Munasikia?" Tukinyamaza anaanza tena. Kwake yeye jambo lililosomwa bila msikilizaji lilikuwa bado halijasomwa. Majirani wasiojua herufi walikuja na barua zao, wakakaa chini ya mwembe, na siri za nyumba zikasomwa hadharani. Sijui kama leo tungeweza kuvumilia mambo hayo.

Mwaka 1934 kukatoka gazeti lililoitwa Ngonga, la wasomaji Waafrika wa Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo. Halikudumu. Baada ya vita ya 1940-45 serikali ikafungua maktaba kwa ajili ya Wakongo, mbali na zile za wazungu, na mwaka 1948 ikaleta kadi ya sifa ya uraia kwa wale walioitwa évolués, yaani waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Ili kutambuliwa hivyo, mtu alichunguzwa: anakula mezani? mkewe anaishije? nyumba yake imepangwaje? Nionavyo mimi, hapo ndipo kitabu kilipoharibika. Kilitoka katika duara la chini ya mwembe kikawekwa kwenye rafu sebuleni, ili mkaguzi akione. Baada ya hapo msomaji bora akawa yule asiyesumbua mtu, aliyenyooka kwenye kiti, mdomo umefungwa. Kibao cha SILENCE ni mjukuu wa ukaguzi huo. Hakikuletwa na wasomaji wetu.

Lakini Lubumbashi haikusubiri ruhusa. Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana kuna maandishi mawili au matatu duniani ambayo ningepigana kwa ajili yake, na haya ni mojawapo.

Mwaka 1965, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville (jina la Lubumbashi lilikuja mwaka uliofuata), kulitoka kijitabu cha kurasa chache zilizopigwa taipu na kurudufiwa. Kichwa chake kilikuwa cha Kifaransa, Vocabulaire de Ville de Elisabethville, na ukikisikia unadhani ni kamusi. Si kamusi. Ni historia ya mji tangu kuja kwa wazungu, iliyokusanywa na André Yav kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani. Maboi waliandika historia ya mabwana zao na ya kwao wenyewe: nani alifika kwanza, kazi ilikuwaje, mshahara ulikuwa kiasi gani, vita zilipita vipi, wazungu gani walipewa majina gani jikoni. Lugha ni Kiswahili chetu cha Katanga, kilekile tunachonunulia bukari (ugali) na samaki, bila mtu wa kukisahihisha.

Aliyekitangaza kwa ulimwengu ni Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi kati ya 1972 na 1974. Alikichapa mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo huwasimulia wanafunzi wangu wote. Maandishi ya Yav yalikuwa magumu kusoma kwa macho. Maneno yameunganishwa pasipotegemewa, yamekatwa pasipotegemewa, alama za vituo hazisaidii. Profesa alikijua Kiswahili cha huku, na bado macho yake yakawa yanagonga ukuta. Ndipo Kalundi Mango, mzungumzaji wa lugha hii, akazisoma kurasa zile kwa sauti huku zikirekodiwa. Yaliyokuwa fujo kwenye karatasi yakawa sentensi mara yalipopita kooni. Yav aliandika namna mtu anavyoongea, kwa watu ambao wangesoma namna wanavyoongea. Kwa hiyo kitabu kikuu cha mji huu, kwa maoni yangu, hakifunguki katika chumba kilichowekewa kibao cha SILENCE.

Miaka hiyohiyo Fabian alikuwa pia na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea historia ya nchi katika picha 101, na kila picha ikaja na maelezo yake ya mdomo. Hayo nayo nayahesabu kuwa kusoma. Picha za namna hiyo zilitundikwa sebuleni mwa watu, na mgeni aliyeuliza maana yake alisimuliwa mpaka chai ikapoa.

Nyumbani kwetu tulikuwa na Mwana Shaba. Gazeti hilo Union Minière ililianzisha mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake, na kampuni ilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1967, hatimaye ikawa Gécamines, gazeti likaendelea. Kulikuwa na Mwana Shaba Junior pia, la vijana, lenye hadithi za picha. Tuligombania hilo kuliko nyama. Baba alilileta kutoka kazini siku za posho. Alianza kusoma habari za waliokufa, akafuata waliostaafu, ndipo akafika kwenye mpira, na hapo hata mama alitoka jikoni. TP Englebert, ambayo leo ni Mazembe, ilikuwa imeshinda kombe la Afrika 1967 na 1968, na baba aliziongelea mechi hizo kama jambo la juzi. Vijana wangu wa darasa la tano hawaamini nikiwaambia kwamba timu hiyo iliundwa na watawa wa Kibenediktini mwaka 1939, watawa walewale wa shule. Hao mapadri waliwapa watu wa mji huu vitabu na mpira, na sote tunajua kilichopendwa zaidi ni kipi. Lakini mpira ulisomwa gazetini! Nimeona vijana waliofeli Kifaransa wakisoma ripoti nzima ya mechi ya Mazembe bila kukwama, wakibishana katikati ya aya.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita haraka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, uporaji wa 1991 ukafuata, halafu yale mambo ya 1992 na 1993 ambapo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na kufikia 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Wazazi wakaanza kuwalipa walimu kutoka mifukoni mwao. Wakati huo nilinunua karanga sokoni zikiwa zimefungwa katika ukurasa wenye mhuri wa maktaba ya shule. Ukurasa ulikuwa wa jiografia, sehemu ya mito. Niliusoma wote nikitembea kurudi nyumbani. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa hiari; baba alikuwa mmoja wao, akanunua kiwanja huku Naviundu, ndiyo sababu mimi ni mtu wa huku.

Shule ya leo inamfundisha kijana kukopi. Mwalimu anaandika ubaoni, darasa zima linaandika daftarini, na daftari hilo ndilo kitabu. Ukifika mwaka wa sita kuna Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na kijana anameza daftari zake. Simlaumu mwalimu: tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwezi Septemba 2019, watoto wamemiminika, na sisi wa sekondari tunawapokea wakitoka katika madarasa ambayo mtoto wa nyuma haoni ubao. Ila matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka kumi na sita anaweza kumaliza mwaka mzima bila kushika kitabu chenye mgongo. Halafu watu wazima wanasema vijana hawapendi kusoma, simu imewaharibu. Simu hizo zimejaa maandishi. Usiku kucha wanasomeana jumbe, wanatumiana sauti, wanacheka. Ukiniuliza mimi, wamerudi chini ya mwembe wa nkambo wangu. Kilichobaki nje ni kabati zangu mbili.

Nilipozifungua niliona kwa nini. Kulikuwa na juzuu za ensaiklopidia zisizokamilika, tamthilia za Racine, sheria za zamani, vitabu vya dini vya msaada, na kanuni iliyobandikwa ndani ya mlango: atakayepoteza kitabu atalipa bei yake. Mzazi mwenye akili anamwambia mtoto wake asikiguse. Kanuni hiyo nayo niliibandua. Nikafunga pia daftari la kuazimia la zamani, ambalo jina la mwisho lilikuwa la mwalimu, na nikafungua jipya.

Kitu cha kwanza nilichowapa kusoma kilihusu ardhi wanayokanyaga. Mwaka 1984 watafiti Anciaux de Faveaux na Pierre de Maret walitangaza vipimo vya kaboni vya mabaki ya uyeyushaji wa shaba ya Katanga, na kati ya maeneo yaliyopimwa kulikuwa na Naviundu. Jibu: karne ya 4. Watu waliyeyusha shaba hapa zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Union Minière kuzaliwa. Nilizifupisha habari hizo ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nikamwomba msichana wa mbele asome kwa sauti. Kijana mmoja akamkata: "Prof, ni Naviundu hii? Ya matope?" Ndiyo, hii ya matope. Basi wakaanza kubishana tanuru lilikuwa upande gani wa mto, na kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba ni karibu na kwao.

Nami nikawaongezea jambo, maana lilikuja lenyewe. Karne hiyohiyo ya 4 kijana Mwafrika kutoka Thagaste, nchi ya Algeria ya leo, alifika Milano akamkuta askofu Ambrosio anasoma bila kutoa sauti, macho yanatembea, ulimi umetulia. Kijana huyo, Augustino, alishangaa kiasi cha kuliandika jambo hilo katika kitabu cha maisha yake. Hata walioifanya Ulaya isome waliwahi kuona kimya cha msomaji kuwa kioja. Darasa lilimwonea Augustino huruma, mmoja akasema yule askofu pengine aliogopa watu wamwombe kitabu.

Kisha nikawaletea Yav. Maandishi yake yamewekwa kwenye intaneti katika hazina ya Kiswahili cha watu iliyoandaliwa Amsterdam. Nikaenda nayo kwenye duka la fotokopi, nikatoa nakala, nikazishona kwa uzi. Dakika za mwanzo zilikuwa kicheko kitupu. "Prof, huyu muzee anaongea sawa nkambo!" Mwingine akauliza kwa uzito: "Banaruhusu kuandika hivi mu buku?" Niliwaambia hakuomba ruhusa. Tukafanya kama Kalundi Mango: mmoja anasoma, akikwama anarudia kwa sauti mpaka maneno yaachane. Wale wanaojulikana kuwa dhaifu katika Kifaransa wakawa mabingwa, kwa sababu masikio yao yanakijua Kiswahili cha wazee. Wale wa nyumba zinazozungumza Kifaransa wakabaki kuomba msaada. Sikupanga iwe hivyo, lakini nilifurahi sana.

Msichana mmoja wa mwaka wa nne aliomba kwenda na nakala nyumbani. Alimsomea bibi yake, ambaye mume wake aliwafulia wazungu nguo miaka ya 1950. Juma lililofuata alirudi na daftari. Bibi alikuwa amemsimamisha mara nyingi: hapa muzee amesema kweli, hapa amezidisha, hapa amesahau kwamba mfua nguo hakula chakula kimoja na mpishi. Msichana aliandika kila pingamizi pembeni ya namba ya ukurasa. Ana kurasa kumi na moja za bibi yake sasa, na mwandiko unazidi kuwa mdogo kadiri daftari linavyoelekea kwisha. Nimeliweka kabatini, rafu ya historia, na linaazimwa kama kitabu kingine chochote. Kwa kweli linaazimwa kuliko Racine.

Tangu hapo tunakutana Jumatano baada ya saa sita ya masomo, wanaobaki ni wanaotaka. Sheria ni moja: kinachosomwa kisikike, na yeyote anaweza kumsimamisha msomaji kwa swali. Wako wanaopenda kusoma peke yao, nao wapo, wanakaa nyuma karibu na dirisha, siwalazimishi. Mmoja wao amekula riwaya za Mudimbe moja baada ya nyingine kwa sababu tu nilimwambia kwamba mtu huyo alizaliwa Likasi mwaka 1941, mji ukiitwa Jadotville, na kwamba alifundisha chuo kikuu hapahapa. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981, tulimsoma nusu. Tram 83 ina kurasa ambazo prefe angenifukuzia kazi, kwa hiyo nilichagua.

Sasa tuko kwenye Généalogie d'une banalité ya Sinzo Aanza, iliyotoka mwaka 2015, ambayo watu wake wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe, katika mtaa wa Lubumbashi. Tunaisoma Kifaransa, tunagombana Kiswahili. Kijana mmoja, ambaye kaka yake ni mchimbaji, amesimamisha usomaji Jumatano mbili mfululizo. Anasema mwandishi hajawahi kushuka shimoni. Anataka kujua nguzo ziko wapi, hewa inaingilia wapi, nani anakaa juu kushika kamba, na mvua ikinyesha wanafanya nini. Wenzake wanamwambia ni riwaya. Yeye anajibu kwamba riwaya nayo ina shimo, na shimo lina kanuni. Nimempa daftari jipya aandike makosa yote anayoyaona, na kaka yake ameanza kumsaidia Jumapili. Jana aliniomba anwani ya mwandishi. Ninaitafuta.